Majibu ya choo yametoka safi, sawa, ila walitafuta nini?

Kuna karatasi moja ya maabara inaaminiwa kuliko inavyostahili, nayo ni ya kipimo cha choo. Mtu tumbo linamsumbua wiki ya tatu sasa, anapeleka kikopo maabara, baada ya muda anarudishiwa karatasi imeandikwa "hakuna vimelea vilivyoonekana" na mjadala unafungwa hapo hapo, daktari anahamia kwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa anaanza kuamini ni msongo wa mawazo, na kama kuna mdudu mle ndani basi anaendelea na maisha yake bila bughudha. Au inakuwa kinyume, karatasi inarudi na "amiba imeonekana", mtu anameza metronidazo siku zote alizoandikiwa, mdomo unakuwa mchungu hata maji hayanyweki, na mwezi unaofuata tumbo ni lile lile. Haya mawili yanaonekana ni matatizo tofauti lakini kwangu mimi mzizi wake ni mmoja, nao sio kwamba darubini ni ya kizamani au mtaalamu wa maabara ni mvivu. Tatizo ni kwamba tunaagiza "kipimo cha choo" kana kwamba ni kipimo kimoja. Ukweli ni kwamba ni familia ya vipimo, kila kimoja kinaona baadhi ya vimelea na ni kipofu kabisa kwa vingine, na anayeandika fomu mara nyingi haandiki anatafuta nini, na anayesoma slaidi naye haandiki alitafuta kwa njia gani.

Hebu tuanze mezani kwenyewe. Kwenye kile kipimo cha kawaida, cha haraka, mtaalamu anachota na kijiti choo kidogo mno, kama miligramu 2 tu, anakivuruga kwenye tone la maji ya chumvi upande mmoja wa slaidi, upande wa pili anafanya hivyo hivyo kwa tone la iodini, anafunika kwa kavasilipu, kile kioo kidogo chembamba, na kuweka chini ya darubini. Ule uvurugaji wenyewe una ustadi wake, ukiwa mzito mwanga haupiti na mayai yanajificha kwenye takataka, ukiwa mwepesi sana umejipunguzia sampuli, ndio maana wanafunzi wa maabara wanafundishwa kwamba uweke slaidi juu ya gazeti na kama maandishi yanasomeka kupitia ule utando basi uko sawa. Halafu anaanza kona moja na lenzi ya 10, anapita mstari mpaka mwisho, anashuka kidogo, anarudi upande wa pili, hivyo hivyo mpaka kavasilipu yote iishe, akiona kitu cha kutilia shaka anahamia lenzi ya 40. Ikifanywa kwa haki ni dakika kadhaa kwa slaidi moja, na vikopo vingine vinasubiri foleni.

Sasa chukua mtu mzima anayetoa choo cha gramu 200 kwa siku. Zile miligramu 2 ni sehemu moja ya laki moja ya hicho choo. Kwa hiyo neno "hakuna" linatoka kwenye sehemu moja ya laki moja, ya siku moja, kwa jicho la mtu mmoja. Sisemi halina maana, nasema lina maana tofauti kwa kila mdudu, na hapa ndipo nataka tukae kidogo maana hesabu yake haina ugumu wowote.

Mnyoo jike mkubwa wa mviringo, askarisi, anataga mayai kama 200,000 kwa siku. Gawa kwa gramu 200, unapata mayai 1,000 kwa kila gramu, tena hapo ni jike mmoja tu. Kwenye kipimo cha Kato-Katz, ambacho kinatumia kibao chenye tundu linalobeba miligramu 41.7 za choo, utegemee kuona mayai kama 40. Huyo hawezi kujificha, hata msomaji aliyechoka atamuona. Mnyoo wa safura jike yeye anataga kama 10,000 kwa siku, hayo ni mayai 50 kwa gramu, kwenye slaidi ile ile unategemea mayai mawili. Mawili tu! Ukikosa kona moja ya slaidi umemkosa. Halafu njoo kwa kichocho cha tumbo, dume na jike wake kwa siku wanatoa mayai kama 300, na karibu nusu hayafiki kwenye choo kabisa, yanakwama kwenye ini na kwenye ukuta wa utumbo, na huko ndiko yanakoleta madhara. Yanayobaki ukiyagawa kwa gramu 200 ni chini ya yai moja kwa gramu. Kwa mtu mwenye jozi moja tu ya wadudu hao inabidi usome slaidi kama 30 za Kato-Katz ili utegemee kuona yai moja. Kwa hiyo maneno yale yale "hakuna mayai yaliyoonekana", kwa askarisi ni karibu na ukweli, kwa safura ni labda, na kwa kichocho chepesi hayajakwambia kitu.

Na hapo nimefanya hesabu kwa huruma, nimechukulia mayai yamesambaa sawasawa kwenye choo chote, kitu ambacho hakipo. Hata ukikubali yamesambaa sawa, mtu mwenye mayai 10 kwa gramu moja slaidi yake itatoka bila yai hata moja mara mbili kati ya tatu, kwa bahati tu, bila kosa la mtu yeyote.

Safura ana ishu nyingine pia. Kwenye Kato-Katz choo kinapitishwa kwenye wavu, kinajazwa kwenye tundu la kibao, kibao kinanyanyuliwa, kile kilichobaki kinafunikwa na kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye gliserini kisha kinakandamizwa taratibu mpaka kitanuke. Gliserini kazi yake ni kusafisha, takataka zinakuwa angavu na mayai yanabaki yanaonekana. Lakini yai la safura lina ganda jembamba, gliserini haliachi salama, ikipita nusu saa mpaka saa moja linaanza kuyeyuka machoni na baadaye halipo. Askarisi na yule mnyoo anayeitwa mjeledi kwenye slaidi hiyo hiyo unaweza kuwasoma hata baadaye. Yaani slaidi zikitengenezwa asubuhi zote kwa pamoja halafu zikasomwa mchana baada ya mapumziko, takwimu zitasema eneo hili lina askarisi na mijeledi lakini safura hakuna, na zitaingia kwenye ripoti hivyo hivyo kwa nambari nzuri kabisa. Ndio maana mimi nikiona ripoti ya safura bila kuambiwa slaidi ilisomwa baada ya dakika ngapi siichukulii kwa uzito.

Nikija kwenye amiba ndio naumia zaidi, maana huku kosa linakwenda upande wa pili, upande wa kuona kisichokuwepo.

Mwaka 1925 Mfaransa Émile Brumpt alisema kuna amiba mbili zinazofanana kwa sura, moja inaumiza, ndiyo Entamoeba histolytica, na nyingine haina neno, akaiita ile isiyo na neno Entamoeba dispar. Hakusikilizwa kwa miaka mingi sana, mpaka wanasayansi Diamond na Clark mwaka 1993 walipokusanya ushahidi wa kibaiolojia wakazitenganisha rasmi, na mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani likakubali na kutoa mwongozo. Mwongozo wenyewe hauna mzunguko: ukiona vile vifuko vya amiba, yaani amiba iliyojifunga ndani ya ganda, kwenye darubini na huna kipimo kingine, usiandike Entamoeba histolytica, andika "histolytica au dispar", kwa sababu kwa macho hakuna binadamu anayeweza kuvitenganisha, vyote vina duara lile lile na viini visivyozidi vinne. Baadaye ikajulikana kuna na Entamoeba moshkovskii, nayo sura ile ile. Na sehemu nyingi ilikopimwa kwa vinasaba imeonekana dispar ndiyo iliyo nyingi zaidi kuliko histolytica. Zaidi ya robo karne imepita tangu mwongozo huo, na bado karatasi zinaandikwa "amiba imeonekana" nukta, na dawa inatoka.

Kuna hali moja tu ambayo darubini inaweza kusema karibu kwa uhakika kwamba hii ndiyo yenyewe, nayo ni kuiona ikiwa hai, inatembea, inanyoosha mguu wake mwangavu upande mmoja na mwili mzima unamiminika kuufuata, na ndani yake ina chembe nyekundu za damu ilizomeza. Ukishaiona hivyo huisahau. Ila ili uione hivyo choo cha majimaji chenye kamasi na damu kinatakiwa kiwe chini ya lenzi ndani ya nusu saa tangu kitoke, baada ya hapo amiba inajikunja, inasimama, inakufa na kuharibika, unabaki na viduara ambavyo vinaweza kuwa chochote. Sasa linganisha na kile kikopo kilichojazwa nyumbani alfajiri, kikasafiri, kikakaa dirishani mpaka saa nne. Huyo mgonjwa mwenye kuhara damu alihitaji kuambiwa atoe sampuli pale pale maabara, na ipite mbele ya foleni, lakini kwa kuwa fomu imeandikwa "choo" tu kikopo chake kimepangwa kwenye mstari na vingine.

Na kinachoandikwa amiba mara nyingi hata amiba sio. Seli kubwa za kinga za mwili wetu wenyewe, zile zinazomeza uchafu, kwenye choo cha mtu mwenye kuhara damu kwa sababu ya bakteria zinakuwa nyingi, zina ukubwa unaokaribiana na amiba na nazo zinameza chembe za damu, kwa hiyo msomaji mwenye haraka anaandika amiba, mgonjwa anapewa dawa ya amiba, bakteria anaachwa aendelee. Chembe za hamira zinadhaniwa vifuko vya vimelea, chavua za maua zinadhaniwa mayai, nywele za mimea zinadhaniwa lava, yaani watoto wa minyoo, hata mapovu ya hewa yamewahi kuwaletea watu dozi. Halafu kuna Entamoeba coli, amiba mpangaji asiye na madhara, vifuko vyake vinafikisha viini vinane badala ya vinne, anayejua kuhesabu viini anamtambua, lakini karatasi ikiandikwa "Entamoeba coli ameonekana" bila maelezo ya kwamba huyu hatibiwi, unadhani nini kitatokea? Kumuona huyo maana yake ni kwamba mtu alimeza kitu kilichoguswa na kinyesi, hiyo ni habari ya usafi wa maji na mikono, sio habari ya dawa.

Nisieleweke vibaya, amiba ya kweli ni hatari, inatoboa utumbo, inasafiri mpaka kwenye ini na kufanya jipu. Lakini hata hapo angalia mambo yanavyogeuka: wagonjwa wengi wa jipu la ini la amiba, choo chao ukikipima kwa darubini huoni kitu. Huyo anatambuliwa kwa picha ya ultrasaundi na kipimo cha damu cha antibodi, zile kinga ambazo mwili unamtengenezea mdudu. Daktari akisubiri choo kimwambie atasubiri sana. Na yule aliyethibitika kweli ana histolytica, metronidazo peke yake inaua zilizoingia kwenye nyama lakini zilizobaki kwenye uwazi wa utumbo zinahitaji dawa ya pili kama paromomaisini au diloksanaidi, hatua ambayo inarukwa sana halafu tunashangaa kwa nini ugonjwa umerudi.

Tuje kwa mdudu ambaye kwangu ndiye anayeonyesha vizuri kuliko wote kwamba swali likikosewa jibu halina maana. Anaitwa strongiloidesi, mnyoo mdogo wa utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya milioni 300 na 600 duniani wanaye. Huyu mayai yake yanaanguliwa ndani ya utumbo, kwa hiyo kwenye choo hakutoki yai, inatoka lava, tena chache na kwa vipindi. Kato-Katz, kile kipimo kikuu cha kuhesabia minyoo duniani, kwake ni bure kabisa. Anayetaka kumpata inabidi atumie njia ya Baermann, ambayo choo fungu kubwa kinawekwa juu ya maji ya uvuguvugu kwenye faneli, lava wanafuata joto na maji wanashuka wenyewe chini, unawakusanya huko, au apande choo kwenye sahani ya aga, ile rojo ya kuoteshea bakteria, na kuangalia baada ya siku mbili tatu kama kuna njia zilizochorwa na lava waliotambaa wakiburuta bakteria nyuma yao. Au apime antibodi kwenye damu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachofanyika kwa kuandikiwa "choo" tu.

Na ubaya wake mkubwa uko hapa. Minyoo mingine mingi ukiiacha bila kuambukizwa tena inazeeka na kufa, lakini huyu baadhi ya lava wake wanakomaa ndani ya utumbo na kupenya tena mwilini mwa mtu yule yule, mzunguko unaendelea miaka na miaka. Wanajeshi waliokuwa mateka Asia ya Kusini Mashariki kwenye Vita ya Pili ya Dunia wamekutwa naye miongo kadhaa baada ya kurudi kwao, wengi bila dalili ya maana, labda muwasho tu na mistari kwenye ngozi inayokuja na kupotea. Mtu wa namna hiyo akija kupewa dawa za steroidi, kwa pumu, kwa baridi yabisi, kwa kupandikizwa figo, kinga inashuka na lava wanaongezeka bila breki, wanatoboa utumbo na kubeba bakteria kwenye damu, wanaingia mapafu mpaka ubongo, na hapo wengi wanakufa hata wakitibiwa. Mwaka 2020 deksamethasoni ilipoanza kutolewa kwa wagonjwa wa korona waliozidiwa, wataalamu wa vimelea walipaza sauti kwa sababu hii hii, kwamba kabla ya dozi muulize mgonjwa ameishi wapi, mpimeni strongiloidesi au mpeni ivermektini, dawa inayomuua, mapema. Ukipewa steroidi kwa sababu "choo kilipimwa kikawa safi" na kilipimwa kwa njia isiyomuona, umepewa hati ya usalama ambayo hakuna aliyeikagua. Hata zile chembe nyeupe za eosinofili ambazo huwa zinapanda mtu akiwa na minyoo usizitegemee kukutoa wasiwasi, kwa mtu aliye kwenye steroidi au aliyeshambuliwa sana zinaweza kuwa za kawaida au zisionekane kabisa, na kwa amiba na jiadia, kimelea kingine cha seli moja kinachoharisha, huwa hazipandi.

Kuna na wengine wanaokosekana kwa sababu rahisi zaidi. Vile viminyoo vyeupe vyembamba vinavyowawasha watoto usiku havitagi ndani ya utumbo, jike anatoka nje usiku na kutaga kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa, kwa hiyo kumpima mtoto choo ni kumkosea, anatakiwa kubandikwa utepe wenye gundi asubuhi kabla hajaoga wala hajaenda chooni, utepe ukawekwa kwenye slaidi, na ikibidi kurudia asubuhi tatu mfululizo. Kriptosporidi ni vidude vya mikroni 4 mpaka 6, bila rangi maalumu ya asidi vinaonekana kama hamira. Mwaka 1993 maji ya bomba ya Milwaukee kule Marekani yaliugulisha watu wanaokadiriwa 403,000 kwa kimelea hiki, na moja ya sababu za kuchelewa kukijua ni kwamba maabara zilikuwa zinakitafuta pale tu daktari anapoomba kitafutwe, na wachache ndio waliokuwa wanaomba. Mayai ya tegu nayo, wa nguruwe na wa ng'ombe, yanafanana kabisa, wakati tegu wa nguruwe ndiye ambaye mtu akimeza mayai yake lava wanaweza kumwingia ubongoni na kumletea kifafa, kwa hiyo aliyeona pingili kwenye choo aipeleke, kwenye pingili ndiko wanakotofautishwa kwa kuhesabu matawi ya mfuko wa mayai, na mtu wa maabara aishike kwa glavu.

Muda nao unadanganya. Askarisi tangu umeze yai lake mpaka jike aanze kutaga inapita miezi miwili mpaka mitatu, wakati huo mtu anaweza kukohoa lava wakipita mapafuni na choo chake kikawa hakina kitu. Jiadia hutoka kwa vipindi, leo wamejaa kesho hakuna, ndio maana sampuli moja inakosa wengi na ushauri wa miaka yote ni tatu kwa siku tofauti ndani ya siku kama kumi. Huyu jiadia inaaminika alionekana mara ya kwanza mwaka 1681, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alipoweka choo chake mwenyewe cha kuhara chini ya lenzi aliyoitengeneza kwa mkono, na alimuona anaogelea kwa sababu choo kilikuwa kibichi, kimetoka muda huo, sharti ambalo mpaka leo vikopo vyetu vingi havilitimizi. Ongeza mtu aliyekunywa antibayotiki au metronidazo wiki iliyopita kabla ya kupima, au aliyepewa bariamu kwa ajili ya eksirei, au kikopo kilichochanganyika na mkojo unaoua amiba, na hakuna aliyemuuliza lolote kati ya hayo.

Najua kuna watakaosema basi tuachane na darubini twende kwenye PCR, kipimo cha vinasaba, na vipimo vya antijeni, vinavyonasa protini za mdudu mwenyewe, yaishe. Nusu ya hoja nakubaliana nayo. Antijeni za jiadia na kriptosporidi zimekuwa msaada mkubwa, na baadhi ya vipimo vya antijeni vinaitenganisha histolytica na dispar, kitu ambacho jicho haliwezi. Kipimo cha mkojo cha antijeni ya kichocho cha tumbo kinakamata watu wengi ambao Kato-Katz inawaacha, ingawa ule mstari hafifu unaleta ubishi, ni chanya au sio. PCR inatofautisha hata aina za safura ambazo mayai yake yanafanana. Lakini angalia orodha ya vipimo vingi vya PCR vinavyouzwa kama kifurushi cha kuhara, utakuta jiadia, kriptosporidi, siklospora, histolytica, na minyoo mara nyingi hakuna hata mmoja. Mgonjwa anaambiwa "PCR imetoka safi" na anayemwambia hajui kwamba minyoo haikuwepo kwenye orodha, yaani kosa ni lile lile, mashine tu imebadilika. Tena PCR inasoma vinasaba hata vya mdudu aliyekwisha kufa, na yai lenye ganda gumu kama la mjeledi lisipovunjwa kwanza vinasaba havitoki, unapata hasi ya uongo kwenye mashine nzuri kabisa. Antibodi za damu nazo zinabaki muda mrefu baada ya kupona, kwa kichocho hata miaka, kwa hiyo zinaweza kukuambia uliwahi kuugua bila kukuambia unaumwa leo.

Jambo hili linakuwa zito zaidi ukitoka kwa mgonjwa mmoja ukaangalia jamii nzima. Watu wapatao bilioni 1.5 wanakadiriwa kuwa na minyoo inayoambukiza kupitia udongo, na Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wapewe albendazo miligramu 400 (nusu yake kwa walio chini ya miaka miwili) au mebendazo miligramu 500 bila kupimwa mmoja mmoja pale ambapo maambukizi kwa watoto yamefika asilimia 20. Mimi naunga mkono, kumpima kila mtoto kungekula muda na watu wote na dawa isiwafikie. Ila mpango ukifanikiwa, wanaobaki na minyoo wanabaki na michache, mayai yanakuwa machache kwa gramu, na kile kipimo cha tundu la miligramu 41.7 kinazidi kupofuka kadiri tunavyokaribia mwisho. Pale pale ambapo uamuzi mkubwa unatakiwa, tusitishe dawa au tuendelee, kipimo ndipo kinapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, na ikisomwa slaidi moja kwa mtoto eneo linaweza kutangazwa limeshinda wakati minyoo imepungua tu. Na strongiloidesi kwenye hesabu hizo hayumo kabisa, dozi moja ya albendazo inamgusa kidogo sana, ndio maana mwaka 2024 ulitolewa mwongozo wa ivermektini kwa ajili yake.

Kwa hiyo ninachodai ni kitu cha kuandika kwa kalamu. Fomu ya kuomba kipimo iseme dalili, zimeanza lini, mgonjwa ameishi wapi, amemeza dawa gani wiki za karibuni, kama yuko au anaelekea kwenye steroidi, na nini hasa kinatafutwa. Fomu ya majibu iseme njia iliyotumika, sampuli ilisomwa muda gani tangu itoke, ni ya ngapi, na badala ya "hakuna vimelea" iandikwe vile ambavyo njia hiyo ingeweza kuviona. Kwenye vifuko vya amiba iandikwe "histolytica au dispar" kama mwongozo wa 1997 unavyotaka, mpaka kipimo cha antijeni au vinasaba kiseme zaidi. Nawe mgonjwa una haki ya kuuliza, tena kwa upole tu, kipimo hiki kinaona nini na hakioni nini, na kama tumbo bado linasumbua omba sampuli ya pili na ya tatu kwa siku tofauti kabla hujakubali kuhamishiwa kwenye ugonjwa mwingine.

Wenzangu wa maabara watasema kazi ni nyingi na watu ni wachache, na ni kweli, nimekaa kwenye vile viti, shingo inauma na macho yanawasha kabla saa sita haijafika. Lakini sehemu kubwa ya huo mzigo ni slaidi ambazo hazikutakiwa kutengenezwa kwa namna ile, choo cha mtoto mwenye muwasho wa usiku ambaye alihitaji utepe, kikopo cha amiba iliyokufa saa tatu zilizopita, Kato-Katz ya mtu anayeshukiwa strongiloidesi. Ziondoe hizo na muda unapatikana wa kufanya kile ambacho miradi mizuri ya kupima minyoo inafanya, slaidi kama asilimia 10 zinachaguliwa bila mpangilio na kusomwa upya na mtu wa pili ambaye hajaoneshwa majibu ya kwanza, tena haraka kabla mayai ya safura hayajayeyuka, na wawili hao wakitofautiana anaitwa wa tatu kabla karatasi haijatoka dirishani.